Moto wa Mlimani, Maji ya Bondeni: Nani Atajibu?

Mvua ikizidi na maji yakaingia majumbani, neno la kwanza kutajwa huwa ni kadari. Chumbageni, kama mitaa mingine ya Tanga, hulitamka kwa imani: mvua huteremshwa na Mwenyezi Mungu, na mja hana la kupinga. Lakini kati ya wingu na sebule iliyojaa tope kuna safari ndefu, na njiani maji hupita mahali ambapo mkono wa binadamu umekwisha kufanya kazi yake. Kazi mojawapo ni moto.

Maji ya bomba ya jiji la Tanga hutoka bwawa la Mabayani, linalojazwa na mto Zigi unaoteremka kutoka Amani, Usambara Mashariki. Sehemu nyingi za mkoa huu mashamba hufyekwa na kuchomwa kiangazi kikikaribia ukingoni, majuma machache kabla ya masika. Moto ukimtoroka mwenyewe, mvua kubwa huukuta mteremko ukiwa mtupu. Majani makavu yaliyokuwa yakinyonya maji hayapo tena. Pale moto ulipokuwa mkali zaidi, nta ya mimea hugeuka mvuke, ikapenya udongoni na kuganda chini kidogo ya uso wa ardhi, ikawa tabaka linalokataa maji. Mvua ambayo mwaka jana ingezama ardhini, mwaka huu huteleza na majivu, mawe na magogo.

Ndivyo ilivyokuwa Montecito, California. Moto uliwaka milimani Desemba 2017. Alfajiri ya Januari 9, 2018 mvua ya muda mfupi ikaporomosha tope lililoua watu 23. Karibu zaidi na nyumbani, moto wa Oktoba 2020 uliunguza takriban kilomita 95 za mraba za Kilimanjaro, mlima unaochangia maji ya mto Pangani, ambao humwagika baharini kusini mwa Tanga. Mtu wa pwani anaweza kuishi miaka yote bila kuuona mlima huo, na bado akawa jirani yake.

Je, aliyewasha kiberiti anabeba sehemu gani ya dhambi, ikiwa mvua si yake?

Swali hilo si geni kwa wanazuoni. Ibn Qudama, mwanachuoni wa Kihanbali aliyefariki Damascus mwaka 1223, alijadili moto na maji pamoja: mtu amewasha moto kwenye ardhi yake, au ameimwagilia, na madhara yakamfikia jirani. Akifanya kwa kiasi cha kawaida bila uzembe, hadaiwi. Akivuka mpaka, kwa mfano kwa kuwasha wakati wa upepo mkali, fidia ni juu yake. Hukumu hiyo haimhukumu mtu kwa upepo. Humhukumu kwa kuujua upepo na bado akawasha. Mvua ya Machi inajulikana kuliko upepo wowote. Anayechoma mteremko mkali mwezi Februari anajua ni nini kinachofuata.

Aliyeko bondeni naye ana hesabu yake. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifafanua katika kitabu chake, Ihya, kwamba kulala kwenye mkondo wa mafuriko au chini ya ukuta ulioinama si kumtegemea Mungu. Ni kujiangamiza kulikokatazwa. Wakristo wana mnara wa Siloamu katika Injili ya Luka: ulipowaangukia watu 18, Yesu alikataa kusema kwamba walikuwa waovu kuliko wengine. Kwa hiyo aliyesombwa na maji hawezi kusomewa dhambi zake juu ya kaburi. Linaloruhusiwa kuulizwa ni nani aliyemgawia kiwanja mkondoni.

Hata hivyo, lawama ikipelekwa mlimani peke yake inageuka dhuluma. Kuanzia mwaka 1946, huko Mlalo katika milima ya Usambara, serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wasambaa kulima matuta ili kuzuia mmomonyoko. Jasho lilikuwa lao, amri ya wengine, na mpango ukafa kwa upinzani. Mkulima wa Zigi anayeacha kuchoma shamba hulipia uamuzi huo kwa siku za ziada za jembe, na faida yake hutiririka hadi Mabayani.

Februari 2024, Mamlaka ya Maji Tanga ilianza kuuza hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya maji, ya shilingi bilioni 53.12, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa miaka 10. Mwekezaji anaijua tarehe ya malipo yake. Mkulima hana karatasi kama hiyo, ingawa haki ileile inayomdai fidia akizembea inapaswa kumtambua akihifadhi.

Kazi za kufanywa baada ya moto na kabla ya mvua zinafahamika: kulaza magogo na nyasi kukingama mteremko, kuchimba makinga maji, kuzuia mifugo hadi majani yaote, kuzibua makalavati, na kuzihamisha mapema kaya zilizoko mkondoni. Zote zinataka vibarua, na vibarua wanataka ujira. Misikiti na makanisa huchangisha sadaka kwa ajili ya waathirika mafuriko yakishapita. Hakuna fundisho katika dini hizo mbili linalozuia mchango huo kukusanywa Chumbageni mwezi Februari, ukapelekwa Amani.