Atumikaye Bure, Atoe Hesabu?
Mwaka 1967 daktari Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi, alifungua huko London nyumba ya St Christopher's kwa ajili ya wagonjwa wasiotazamiwa kupona. Fedha ya kwanza ilikuwa pauni 500, urithi wa mgonjwa David Tasma, aliyefariki mwaka 1948. Nyumba za namna hiyo katika Uingereza husimamiwa na baraza la wadhamini, ambao kwa desturi hawapewi mshahara.

Je, mtu atumikaye bure aweza kudaiwa hesabu? Wengi husema ashukuriwe tu, yatosha. Sisi twaona sivyo. Sheria ya huko haimwondolei mdhamini wajibu wake kwa kuwa halipwi. Na iko sababu ipitayo sheria. Mwenye duka akipunja, mnunuzi hurudi kesho kugomba. Lakini mgonjwa aliyekosa dawa ya maumivu usiku, kwa sababu wadhamini hawakuangalia fedha mapema, hatahudhuria mkutano wa mwakani. Wala majina yao hakuyajua. Basi mdhamini aingiaye kikaoni bila kusoma karatasi zake (nao wamo hata katika kamati zetu za parokia) amekalia kiti ambacho mwingine angalikalia akiwa macho.