Je, Damu Yaweza Kuishinda Imani?

Ndugu msomaji, kila aliyeiacha dini ya wazee wake na kuingia nyingine huulizwa siku moja: "Wewe u wetu kweli, au u mgeni tu?" Swali hili likiulizwa na jirani huumiza moyo. Likiulizwa na dola yenye bunduki, na viongozi wa dini wakakubali kulijibu, huua. Hayo yalitokea Ujerumani tangu mwaka 1933, Hitler aliposhika utawala katika nchi ambayo watu wake walio wengi mno walikuwa wamebatizwa.

Wengi hudhani kwamba Wanazi walikuja wakiupinga Ukristo waziwazi. Sivyo. Programu ya chama chao ya mwaka 1920, katika kifungu cha 24, iliahidi uhuru wa madhehebu yote na kuuunga mkono Ukristo. Lakini uhuru huo ulifungwa kwa sharti: dini isiihatarishe dola, wala isipingane na maadili ya watu wa asili ya Kijerumani. Tafakari sharti hilo. Damu imefanywa hakimu, na dini imesimamishwa kizimbani! Waumini wengi hawakulitazama. Walikuwa na uchungu wa kushindwa vitani mwaka 1918, waliuogopa ukomunisti, nao waliahidiwa nidhamu na heshima.

Kundi lililojiita Wakristo wa Kijerumani liliiingiza fikira hiyo kanisani. Septemba 1933 sinodi ya kanisa la Kiprotestanti la Prussia ilipitisha kanuni ya kuwazuia wenye asili ya Kiyahudi wasiwe wachungaji. Mwezi Novemba, mjini Berlin, Reinhold Krause alisimama mbele ya maelfu ya watu akataka Agano la Kale liondolewe. Mwaka 1939 ilifunguliwa taasisi mjini Eisenach ya kufuta kila athari ya Kiyahudi katika kanisa, na mwanachuoni wake mkuu, Walter Grundmann, alishikilia kwamba Yesu hakuwa Myahudi. Ni ajabu iliyoje! Maana kanuni ile ikitumiwa kwa uadilifu, Yesu (a.s.) mwenyewe na wanafunzi wake wote wasingeruhusiwa kuhubiri katika makanisa hayo.

Haki yatupasa kusema kwamba walikuwako waliokataa. Mei 1934, mjini Barmen, Waprotestanti walitangaza kwamba kanisa halina bwana mwingine wa kumtii badala ya Kristo. Bernhard Lichtenberg, padre Mkatoliki wa Berlin, aliwaombea Mayahudi hadharani. Alifungwa, akafa mwaka 1943 akiwa njiani kupelekwa Dachau. Lakini tangazo la Barmen halikuwataja Mayahudi hata kwa neno moja, na Karl Barth, aliyeliandika kwa sehemu kubwa, alikiri baadaye kwamba hilo lilikuwa kosa lake.

Lililo gumu zaidi lilitokea Uholanzi, iliyokuwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Tarehe 26 Julai 1942 waraka wa maaskofu Wakatoliki ulisomwa makanisani kupinga kuhamishwa kwa Mayahudi. Tarehe 2 Agosti Wajerumani waliwakamata Wakatoliki wa asili ya Kiyahudi. Miongoni mwao alikuwamo mtawa Edith Stein, mzaliwa wa nyumba ya Kiyahudi, aliyebatizwa mwaka 1922. Wiki moja baadaye aliuawa Auschwitz.

Wako wasemao: "Mwaona! Afadhali wangalinyamaza." Hoja hii si ya kudharauliwa, kwa kuwa walionena hawakuwa wao waliolipa. Hata hivyo tuulize: kimya kile kingalimkinga nani? Mayahudi wasiobatizwa walikuwa wamekwisha kuanza kuchukuliwa mwezi ule ule wa Julai. Kingaliwakinga waliobatizwa tu, na hao kwa muda tu, kwani mdhalimu hakutazama cheti cha ubatizo bali babu na bibi za mtu. Tena dini inayonunua usalama wa watoto wake kwa kumnyamazia anayemchinja jirani imekwisha kukubali kwamba uhai wa mtu hutegemea daftari aliloandikwa. Kutoka hapo mpaka kukubali kwamba hutegemea damu yake, ni hatua moja tu.

Oktoba 1945, vita vilipokwisha, viongozi wa Waprotestanti wa Ujerumani walikiri hatia yao mjini Stuttgart. Humo nako Mayahudi hawakutajwa. Walitajwa mwezi Aprili 1950, katika sinodi ya Berlin-Weissensee.