Mama, Presha Umepima Lini?

 

Huko juu mlimani wazee walichimba mifongo, mifereji ya kushusha maji mashambani. Mfongo haukauki siku moja. Tope hujaa kidogo kidogo. Majani hukwama, maji hupungua. Mwenye shamba la chini anashtuka migomba imenyauka.

Mishipa ya moyo nayo huziba hivyo hivyo.

Tunamjua mgonjwa wa moyo kwa kushika kifua. Mwanamke naye kifua humbana. Lakini wakati mwingine moyo wake husema vingine. Pumzi inakatika akibeba ndoo. Jasho la baridi linamtoka. Taya linauma, mgongo unauma, kichefuchefu kinamjia. Naye anasema, ni vidonda vya tumbo. Anasema, ni kazi tu. Anasema, nitapumzika Jumapili. Jumapili yenyewe ana ibada na wageni!

Nawe ambaye presha ilikupanda ukiwa mjamzito, mtoto alizaliwa, ukasahau. Moyo haukusahau. Presha ile huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo miaka mingi baadaye, na daktari hawezi kujua usipomwambia.

Basi leo, kabla hujapanga nyanya mezani, pitia kituo cha afya. Nyoosha mkono, upimwe. Habari ya mimba ile, waambie. Na kama kifua kinakubana sasa hivi, acha chai jikoni. Mwite jirani, mwite wa bodaboda, mwite yeyote. Hospitali ya Mawenzi au KCMC, nenda sasa.