Ondoa Hizo Nguzo

Picha ilinifikia usiku kwenye simu, na chini yake maneno machache: "Shikamoo dada. Naomba uikosoe bila huruma." Aliyeituma ni kijana wa Makambako, fundi simu mchana na mpiga picha jioni, tuliyefahamiana siku aliponunua kwangu lenzi iliyotumika. Ilikuwa picha ya kilima nje kidogo ya mji, jua linazama, vumbi la Agosti limegeuka dhahabu. Makambako ina upepo, kila aliyewahi kushuka pale kusubiri gari la Songea anaujua, na kijana alikuwa ameukamata: nyasi zote zimelala upande mmoja kama nywele zilizotoka kuchanwa. Kutoka kona ya chini kulia hadi karibu na kilele zilipanda nguzo saba za umeme na nyaya zake.

Nikamjibu palepale. Mwanga mzuri, nyasi nzuri, rangi umezikoleza kidogo kupita kiasi, na mwisho: ondoa hizo nguzo, zinaharibu kila kitu.

Siku hizi kuziondoa hakuhitaji ufundi. Programu ya bure kwenye simu inafuta nguzo kama mwalimu anavyofuta ubao, kisha inaotesha nyasi mahali pake. Kesho yake asubuhi picha ikarudi, kilima peke yake na anga. Nikamwandikia: sasa hapo umepiga picha. Nilijisikia vizuri, siwezi kudanganya. Kuna raha yake kumwelekeza mtu naye akafuata.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa na shughuli Makambako, kama kilometa 60 kutoka kwetu Njombe mjini, nikapita kwao kumsalimia. Hakuwepo, alikuwa kwenye kibanda chake cha ufundi karibu na stendi. Mama yake akanikaribisha sebuleni, akaleta chai na viazi vya kuchemsha. Ukutani, kando ya kalenda, ilining'inia picha ile, imechapishwa na kuwekwa kwenye fremu. Nguzo zote saba zilikuwepo.

Aliniona naiangalia, akacheka. "Kumbe wewe ndiye mwalimu uliyesema ziondolewe?"

Nikasema ni mimi, mama.

"Nilimuuliza, huyo mwalimu wako, kwao umeme uliwaka mwaka gani?"

Kwetu umeme uliwaka kabla sijazaliwa. Kwao, kwenye kitongoji kilicho nyuma ya kile kilima, ulisubiriwa hadi watu wakachoka kuusubiri. Ilipojengwa njia kubwa ya kilovolti 220 kutoka Makambako kwenda Songea, ile iliyowapumzisha watu wa Songea na majenereta ya dizeli, vijiji vingi vya njiani navyo vikavutiwa nyaya, na matumaini yakarudi hata kwa wale ambao bado. Zamu yao ilipofika, vibarua wa kuchimba mashimo walichukuliwa hapohapo kitongojini. Mume wake alikuwa mmoja wao. Alichimba mashimo ya zile nguzo mbili za juu, karibu na kilele, kwenye mwamba. Alifariki kabla taa haijawaka.

Mama hakuyasema haya kwa kunisuta. Aliyasema akinimiminia chai.

Nilipomkuta kijana kibandani nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alikuwa ameinamia simu ya mteja, bisibisi mkononi, akanijibu bila kuinua kichwa: "Hukuniuliza, dada. Na wewe ndiye unayejua picha."

Nimelibeba jibu hilo muda mrefu, na sehemu inayonisumbua zaidi ni ile ya pili. Angenibishia, ningesikia. Lakini aliyeomba akosolewe bila huruma alikuwa tayari amenikabidhi kisu. Aliiondoa kazi ya baba yake kwa kidole kimoja, usiku, kwa sababu mtu anayemwita dada alisema inaharibu kilima.

Kwa upande wa ufundi sikukosea, na sitaki kujifanya nilikosea. Nyaya zinalikatakata anga. Jicho la mtazamaji linaufuata mstari ulionyooka hata kama hautaki. Lakini nikichimba zaidi naona kwamba nguzo sikuzichukia kwa ajili ya mistari yake. Nilizichukia kwa sababu nilishaamua mandhari ni nini: ni mahali ambapo watu hawajafika, au wamefika wakaondoka bila kuacha kitu. Nilikopa wapi wazo hilo? Njombe hakuna mahali pa namna hiyo. Miwati ya Kibena ilipandwa na kampuni tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Chai ya Luponde, ambayo wageni wanaipiga picha kama zulia lililotandikwa na malaika, imekatwa kwa mikono ya watu ili ibaki imefika kiunoni. Hata Kitulo, tunayoiita Bustani ya Mungu, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, ina jirani ambaye ni shamba la serikali la ng'ombe wa maziwa. Picha za maua ya Kitulo nimeziona nyingi mno. Ya ng'ombe wale bado sijaiona ikishinda mashindano.

Si ugonjwa wetu peke yetu. Mwaka 1944, Ansel Adams, Mmarekani ambaye jina lake halikosekani zinapozungumziwa picha za mandhari, aliipiga alfajiri safu ya milima ya Sierra Nevada kutoka karibu na mji mdogo wa Lone Pine, California. Juu theluji inawaka, katikati kilima cheusi, chini kabisa farasi anakula majani kwenye kipande cha mwanga. Kwenye kilima kile wanafunzi wa sekondari ya mji ule walikuwa wamepanga mawe yaliyopakwa chokaa, herufi L na P, za jina la mji wao. Adams alizifuta kwenye negativu kadiri alivyoweza, na alama iliyobaki akawa anaizima kwenye kila chapa. Walikuwepo waliomlaumu, naye alijitetea waziwazi: kwake zile herufi zilikuwa kovu. Picha ni nzuri sana, nimeitazama mara nyingi. Ila sasa siwezi kuitazama bila kuwaza kwamba farasi alimsubiri kwa subira mpaka ageuke aonekane vizuri, na herufi za watoto hakuzisubiri kabisa.

Kuna atakayesema: basi bora kusifu tu. Tunajua kusifu. Weka picha yoyote mtandaoni, hata ya shimo la taka jua likizama, utapata "kali sana" kumi na vimoto ishirini. Nami nimeishi kwa chakula hicho. Kwa miaka mitatu picha yangu iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ya msichana shambani kwenye chai, ukungu nyuma yake, kapu mgongoni, mkono mmoja umeinuliwa. Nilimwazima rafiki yangu kapu, tukaomba ruhusa ya nusu saa. Siku moja akaiona mama mdogo, ambaye aliwahi kuchuma chai ujanani. Hakuuliza lenzi gani. Aliivuta simu karibu na uso, akasema, "Huyu kashika majani makavu ya chini. Mchumaji anachukua yale mawili machanga na kichipukizi chake. Na hilo kapu halina kitu, lingekuwa limemvuta mabega."

Nilikasirika. Nilimjibu kwa adabu lakini moyoni nikasema, ameshika kamera lini huyu? Hasira ikakaa siku mbili, na ilipoondoka sikuweza tena kuyaona yale mabega bila kuona kwamba hayakubeba chochote. Watu wote waliosifu ile picha hawakuwa wameitazama. Mama mdogo aliitazama. Kwa dakika ile alikuwa amenipa heshima kubwa kuliko vimoto vyote, ingawa haikuonekana kama heshima na sikuipokea hivyo.

Lugha yetu ina neno ninalolipenda kwa kazi hii, nalo si kukosoa. Ni kuchambua. Tunachambua vitabu, tunachambua mpira redioni, lakini kwanza kabisa tunachambua maharage: unayamwaga kwenye ungo, unakaa karibu na mwanga, unatoa mawe na yaliyooza. Huwezi kuchambua maharage ukiwa umesimama. Na anayechambua anatarajia kula.

Mimi nilimjibu kijana nikiwa nimesimama. Sikukaa na picha hata dakika tano. Ushahidi ni huu: picha ilikuwa na kasoro ya kweli ambayo sikuiona. Upeo wa macho ulikuwa umeinama kushoto, kidogo tu, kiasi cha kilima kuonekana kinateleza. Nguzo zilinikamata jicho nikaishia hapo, nikaridhika kwamba nimepata cha kusema.

Je, ningemuuliza tu "ulitaka kuonyesha nini?" ningekuwa nimemaliza? Sina hakika. Swali hilo nalo limekuwa mazoea ya walimu, na mara nyingine ni njia ya kukwepa kutamka unachokiona. Tena picha inatembea bila mwenyewe. Mtu wa Mwanza akiiona kilima kile hatapewa chai na mama, hatajua nani alichimba kwenye mwamba. Kwake nguzo zitabaki nguzo. Kama baba yake kijana yumo kwenye picha ile, basi ni kazi ya picha kumwonyesha, na jioni ile ilikuwa haijamwonyesha. Nadhani ningemwambia tu kilichonipata: jicho langu linapanda na nguzo, linafika kwenye ile ya mwisho, halafu linaanguka nje ya picha. Ulitaka lifike wapi? Hapo angeweza kuniambia. Au asiniambie, akarudi kilimani kivyake.

Alirudi. Tulirudi wote, Julai iliyofuata, asubuhi ya baridi inayouma masikio, upepo uleule. Sikusema kitu, jambo ambalo kwangu lilikuwa gumu kuliko kupanda. Alihama hatua kumi na kitu upande wa kushoto, akachuchumaa, akangoja jua lipande kidogo. Kutoka pale nguzo ya mwisho ilisimama kileleni peke yake, kubwa, na kwenye shina lake ulionekana mwamba uliopasuliwa na vipande vyake vimerundikwa kando, bado vyeupe.

Tukiwa tunashuka aliniomba nimwonyeshe na mimi picha mpya. Nikampa simu. Ilikuwa ya mto Ruhuji, maji yanaanguka laini kama maziwa, ukungu, majani ya kijani, miamba imelowa. Aliitazama muda mrefu huku anatembea, mpaka nikaogopa atajikwaa.

"Nzuri, dada," akasema. Kisha akasimama. "Ila hapo kwenye mwamba mpana, si ndipo wanapofulia?"

Ndipo wanapofulia. Asubuhi ile walikuwepo kina mama wanne na mabeseni yao, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni dakika arobaini, nimefunga tripodi, nikisubiri waondoke.