Kuona na Kuhudhuria Kando ya Mbio za Baiskeli

Mtazamaji wa mbio za baiskeli za kulipwa husafiri mbali kwenda kuona kitu ambacho karibu hakionekani. Tour de France huchukua wiki 3 na kilomita zipatazo 3,400, lakini kwenye tambarare kundi zima la waendeshaji humpita mtu aliyesimama kando ya njia kwa muda usiofika nusu dakika. Mtu huyo huenda alilala garini, akabeba maji na mkate wake, akasimama juani tangu asubuhi. Husikia helikopta, huona pikipiki za polisi, kisha hupigwa na upepo, mvumo wa minyororo na rangi zilizovurugana, halafu kimya. Nani anaongoza, kwa sekunde ngapi, nani ameachwa nyuma: hajui. Aliyebaki nyumbani mbele ya televisheni anayajua hayo yote. Aliyesafiri, basi, amekwenda kuona nini?

Safari ya kutazama ni jambo la zamani, na falsafa imelitolea kauli. Miji ya Wayunani ilituma wajumbe rasmi Olympia kushuhudia michezo na ibada zake. Wajumbe hao waliitwa theoroi, na neno theoria kwao lilikuwa kutazama kabla halijawa kufikiri. Kiswahili, kupitia Kiarabu, kina nadharia, ambayo mzizi wake nao ni kutazama. Cicero anasimulia kisa kinachonasibishwa na Pythagoras: maisha ni kama michezo ile, ambako wengine huja kushindania taji, wengine huja kufanya biashara, na walio bora huja kutazama tu, nao ndio mfano wa mwanafalsafa. Kisa kizuri, ila kinategemea uwanja. Olympia watu walikaa kwenye mteremko wakaona mwanzo na mwisho wa shindano. Barabara ya kilomita 200 haina mteremko wa namna hiyo, na kama kutazama ndiko kujua, basi wa kando ya barabara ndiye asiyejua kuliko wote.

Tena mbio hizi zilianzishwa ili zisomwe. Gazeti la L'Auto, chini ya mhariri wake Henri Desgrange, liliandaa Tour ya kwanza mwaka 1903 ili liuze nakala nyingi zaidi. Maurice Garin alishinda, na Wafaransa wengi walimjua kwa kusoma. Hata jezi ya njano ya anayeongoza, iliyoanza mwaka 1919, ina rangi ya karatasi ya gazeti lile. Tangu mwanzo, basi, watazamaji walikuwa wa aina mbili: wanaojua bila kuwepo, na waliokuwepo bila kujua. Redio na televisheni zikawaongezea wale wa kwanza ujuzi juu ya ujuzi. Wa pili wamepata simu tu, na siku hizi husimama mlimani wakiinamia kioo ili wajue kinachotokea mita mia tano chini yao.

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa hapa kuliko kuona, nacho ni kuhudhuria. Mtu haendi maziko kutafuta habari. Habari ilishamfikia, ndiyo maana amekwenda. Makaburini huenda asione ila migongo ya waliotangulia. Hata hivyo hakuna atakayemwambia kuwa video ingemtosha, na asiyefika ataulizwa alikuwa wapi. Harusi ni hivyo hivyo. Anayehudhuria ameitoa siku yake na mwili wake viongezeke kwenye tukio, na tukio lisilohudhuriwa huhesabika kuwa pungufu hata kama kila kitu kilikwenda sawa. Kwa kipimo hiki, nusu dakika si hasara.

Mlimani ndipo jambo hili linapoonekana wazi. Alpe d'Huez, njia ya karibu kilomita 14 yenye kona 21, iliingizwa kwenye Tour mwaka 1952, na Fausto Coppi akashinda. Kona ya 7 Waholanzi wameifanya yao. Huko mwendo hupungua, watu huacha upenyo wa baiskeli moja au mbili, na mtazamaji huona chumvi ya jasho iliyokauka kwenye jezi, mdomo ulio wazi na macho yasiyomtazama mtu. Sauti yake humfikia mwendeshaji. Mkono wake pia unaweza kumfikia, na hapo hatari huanza: mwaka 1999 Giuseppe Guerini aliangushwa kwenye mlima huohuo na mtu aliyekuwa akipiga picha, akainuka na kushinda. Mwaka 2021, siku ya kwanza ya Tour, mtazamaji aliyeelekeza bango lake kwenye kamera za televisheni aliangusha sehemu kubwa ya kundi. Huyo alikuwa amekwenda barabarani ili aonekane nyumbani. Aliwapa mgongo aliokwenda kuwahudhuria.

Wako wanaoziita safari hizi hija. Neno hilo ni zito mno. Hija ina nguzo zake na wakati wake, na humlazimu Muislamu mwenye uwezo. Kilicho karibu zaidi ni ziara, kama ile ya kaburi la Habib Swaleh mjini Lamu wakati wa Maulidi. Kwenye Mont Ventoux, karibu na kilele, lipo jiwe la kumbukumbu la Tom Simpson, mwendeshaji aliyefia mlimani hapo mwaka 1967, na wapitao huacha chupa na kofia. Italia, juu ya ziwa Como, Papa Pius XII alimtangaza Madonna del Ghisallo kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli mwaka 1949. Ndani ya kanisa lake dogo hutundikwa jezi na baiskeli, ikiwemo ile iliyoharibika ya Fabio Casartelli, aliyekufa mwaka 1995 akiteremka Portet d'Aspet.

Baiskeli ile inaleta lawama ya kale. Augustino, katika Maungamo, anasimulia habari za rafiki yake Alypius, aliyefumba macho kwenye maonyesho ya kuuana, akayafumbua kwa kelele za watu, akalewa damu. Je, anayepanda mlima kutazama mtu akitaabika ana tofauti gani? Tofauti ipo, ila ni nyembamba: mwendeshaji amechagua taabu yake, na umati huomba afike. Lakini anayesimama kwenye kona kali akingoja ajali ni ndugu wa Alypius.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza barani Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, sehemu kubwa zikizunguka mjini, hivyo aliyesimama kwenye mpando wa mawe wa Kimihurura aliwaona waendeshaji tena na tena. Kamera zilimfuata Tadej Pogačar, aliyeongoza peke yake kilomita nyingi hadi ushindi. Mtu wa kando ya njia alimwona akipita, kisha akawaona waliobaki, wachache zaidi kila mzunguko, mpaka wakasalia 30.