Ulimi wa Dina

Katika sura ya 34 ya Kitabu cha Mwanzo wanaume wasema sana: Shekemu amsihi babaye Hamori amposee binti, Hamori atoa ahadi za ardhi na biashara, wana wa Yakobo wajibu kwa ghiliba, na Yakobo mwenyewe, aliyenyamaza hata wanawe waliporudi kutoka malishoni, mwishowe afungua kinywa kulalamika kwamba wamemchukiza kwa wenyeji wa nchi, naye ni mwenye watu wachache, ilhali Dina binti Lea, ambaye kwa ajili yake mahari yalitajwa, wanaume wa mji wakatahiriwa, na siku ya tatu, maumivu yangalimo, Simeoni na Lawi wakawaua wote kwa upanga, hasemi hata neno moja katika aya zote 31. Twaambiwa alitoka kwenda kuwaona binti za nchi, akatwaliwa na Shekemu kwa jeuri, kisha nduguze wakamtoa nyumbani kwa Shekemu. Basi.

Anita Diamant, Myahudi wa Marekani, alikijaza kimya hicho katika riwaya yake The Red Tent ya mwaka 1997, ambamo Dina mwenyewe ndiye msimulizi. Wako wanaoona kuwa kumtungia maneno mtu wa Maandiko ni ujuba, nami siafikiani nao, kwa kuwa wafasiri wa Kiyahudi wa kale walikwisha kufanya hivyo, baadhi yao wakimlaumu Dina kwa kutoka nje (lawama nyepesi mno kwa mwenye kulaumu!), wengine wakimwoza kwa Ayubu, na wengine wakisema kwamba Asenathi, mkewe Yusufu, ni binti yake. Hata mke wa Mheshimiwa wa Misri hakutajwa kwa jina katika Sura Yusuf ya Qurani, lakini nani asiyemjua kwa jina la Zulekha? Mwenye kuiharamisha riwaya, kwa insafu, na ayaharamishe na hayo.

Ugomvi wangu na Diamant ni mwingine. Katika riwaya yake mwana wa mfalme, anayesimama mahali pa Shekemu, ni mpenzi aliyeridhiwa, na dhuluma yote ni ya ndugu wauaji. Ni kweli kwamba aya ya tatu yasema roho ya Shekemu iliambatana na Dina, akamwambia maneno ya kumtuliza. Lakini mapenzi hayo yanatajwa baada ya jeuri, nayo ni mapenzi ya mtenda, na ya moyo wa mtendwa hayakuandikwa. Hivyo Dina amepewa ulimi kwa sharti kwamba dhidi ya Shekemu asiwe na la kushtaki, na mwanamke aliyedhulumiwa kweli, akija kumtafuta mwenziwe humo, hatamkuta.

Mahali riwaya inapotukuka ni kwingine kabisa, pale Dina anaposimulia habari za mama zake wanne, Lea na Raheli na Zilpa na Bilha, na za ukunga aliojifunza kwa Raheli na kuufanya hata Misri, maana katika mambo hayo Maandiko hayakutoa ushahidi unaokanushwa, na mtungaji ana ihtiari yake kamili. Nawasihi wasomaji waisome kwanza sura ya 34 yenyewe, polepole, ndipo waifungue riwaya.