Chaguo la Mtoto Mbele ya Vichezeo vya Mitumba

Kutaka na kuchagua ni mambo mawili. Mtoto wa miaka minne aweza kutaka gari, mwanasesere na pipi kwa pumzi moja, na asione kasoro yoyote katika matakwa hayo. Kuchagua kunamdai zaidi: ashike kimoja na kuacha vingine, tena kwa sababu fulani. Ndiyo maana Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili ya Nikomako, aliwaweka watoto pamoja na wanyama: hutenda kwa hiari, alisema, lakini hawachagui, kwa kuwa chaguo hutanguliwa na kupima. Kama alisema kweli, basi mzazi anayempeleka mwanawe sokoni na kumwambia achague kichezeo cha mtumba anajidanganya, na anachokisikia ni tamaa tu.

Dai hilo laweza kupimwa Kinoo. Mtaa huu uko kando ya Barabara ya Waiyaki, katika Kaunti ya Kiambu, ingawa riziki ya wakazi wake wengi iko Nairobi. Mitumba ya maeneo kama haya hutoka mara nyingi katika soko la Gikomba, Nairobi, baada ya belo kupitia bandari ya Mombasa. Belo likifunguliwa, bidhaa bora, ambazo wauzaji huziita kamera, huondoka mapema kwa bei ya juu. Mwisho hubaki fagia, inayouzwa kwa bei ya kutupa. Vichezeo humwagwa chini kwa fungu: lori lisilo na magurudumu ya nyuma, mwanasesere ambaye nywele zake zilikatwa na mtoto asiyejulikana wa nchi ya mbali, dubu wa manyoya mwenye jicho moja, simu isiyolia.

Kinachokosekana katika fungu hilo ni kisanduku, na kukosekana kwake kuna maana kubwa kuliko kunavyoonekana. Kisanduku cha dukani humfanyia mtoto kazi ya kufikiri. Humwambia kichezeo ni cha umri gani, ni cha wavulana au wasichana, na humwonyesha picha ya mtoto mwingine akikifurahia. Mwaka 1955 kampuni ya Mattel ilianza kutangaza vichezeo vyake katika kipindi cha watoto cha televisheni nchini Marekani, ikamwendea mtoto moja kwa moja bila kumpitia mzazi. Tangu hapo, watoto wengi hufika dukani uamuzi ukiwa umeshafanywa na mtu wasiyemjua. Lakini lori la mtumba halina wa kulisemea. Mtoto hulipindua, hulisukuma, hulitikisa asikie kama kuna kitu kimelegea ndani, kisha huliweka chini na kuokota simu. Huko ndiko kupima. Yaelekea Aristotle aliuhesabia umri jambo ambalo, kwa sehemu, ni la mazingira: mtoto hupima pale ambapo hakuna aliyempimia.

Pingamizi zito ni kwamba fungu lenyewe limekwisha kuchaguliwa. Familia za ng'ambo zimetupa zisichokitaka, wachambuzi wamechambua, kamera zimeondoka, na noti ya shilingi hamsini mkononi mwa mama inaweka mpaka wa mwisho. Yote hayo ni kweli, lakini hakuna mchaguaji, hata mtu mzima, aliyewahi kujipangia yote anayochagua kati yake. Kuwekewa mipaka hakumnyang'anyi mtoto chaguo. Linalomnyang'anya ni kuambiwa achague, kisha sufuria ndogo alizookota zirudishwe chini kwa sababu yeye ni mvulana. Mzazi anayemchagulia mwanawe tangu mwanzo ana unyofu zaidi kuliko anayefanya hivyo.

Hatari ni suala jingine. Betri ndogo ya duara ikimezwa huunguza koo kwa muda mfupi. Rangi ya zamani yaweza kuwa na madini ya risasi. Vipande vidogo humkaba mtoto mchanga. Vitu hivyo huondolewa kabla ya mtoto kuinama juu ya fungu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unatambua haki ya kucheza na pia haki ya maoni ya mtoto kuzingatiwa kulingana na umri na ukomavu wake. Kuzingatiwa si kutii. Hata John Stuart Mill, mtetezi mkuu wa uhuru wa mtu binafsi, aliwatoa watoto nje ya kanuni yake mwaka 1859.

Panapobaki ugumu ni kwenye chaguo baya. Mtoto amechukua simu isiyolia. Kufika nyumbani anajuta. Muuzaji harudishi pesa, na kesho fungu litakuwa na vitu vingine. Mzazi akikimbilia kununua cha pili, anaondoa hasara, na pamoja nayo anaondoa lile lililofanya tendo la kwanza liwe chaguo. Bei ya mtumba ndiyo inayomwezesha kuvumilia, kwani ni wachache wangeacha kosa la shilingi elfu tatu lipite. Hata hivyo, zipo nyumba ambako shilingi hamsini ni maziwa ya chai ya asubuhi, na huko kumnyima mtoto nafasi ya kukosea hakuwezi kuitwa ubabe.

Zaidi ya hayo, uamuzi hauishii sokoni. Mwanafalsafa John Locke, mwaka 1693, alipendekeza watoto wajitengenezee vichezeo badala ya kununuliwa. Watoto wa Kenya wamefanya hivyo kwa muda mrefu kwa magari ya waya, na kwa mipira ya mifuko ya plastiki hadi mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Agosti 2017. Lori bovu la mtumba huwaunganisha mnunuzi na fundi: vizibo vya soda huwa magurudumu, na simu isiyolia huingia katika kalongolongo, mchezo wa kuigiza maisha ya nyumbani, kama simu ya baba anayepigiwa kazini. Sababu ambayo Aristotle aliitaka itangulie chaguo hapa huja baadaye, mikononi mwa mtoto. Mara nyingi huja pia mikononi mwa ndugu zake, kwa kuwa katika nyumba ya chumba kimoja kichezeo hakichukui muda kuwa cha wote, na aliyekichagua hubaki na haki moja tu, ya kusema kwamba ni yeye aliyekiona kwanza.